Boti za mkopo Mtwara: usalama wa mwendo kasi huanzia kwenye ufungaji wa injini

Mpango wa Serikali wa kuwakopesha wavuvi boti za kisasa zenye injini za kupachika umeanza kubadilisha sura ya uvuvi nchini. Septemba 2023, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, katika mkoa wa Lindi unaopakana na Mtwara. Januari 30, 2024, jijini Mwanza, akazindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wanufaika wa mikopo isiyo na riba inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB). Shabaha ya hatua hizo ni kumtoa mvuvi mdogo kwenye maji ya karibu na ufukwe, ambako samaki wamepungua, na kumwezesha kuyafikia maji ya mbali kwa usalama na kurudi na samaki wangali wabichi.

Kwa wakazi wa Mikindani, Msimbati na vijiji vinavyoelekea maingilio ya Mto Ruvuma, fursa hiyo inakuja pamoja na swali ambalo halijapata nafasi ya kutosha katika mijadala ya Uchumi wa Buluu: boti ikishakabidhiwa, nani anahakikisha kwamba injini yake imefungwa katika kimo, mwinamo na rafadha inayolingana na chombo hicho na kazi yake? Jibu la swali hilo linagusa mambo mawili mazito kwa kaya ya mvuvi, yaani uhai wa mabaharia na uwezo wa kikundi kurejesha mkopo.

Ghuba tulivu, bahari yenye nguvu nje

Mikindani ni bandari ya kale. Kwa karne nyingi majahazi na mashua yamejificha katika ghuba yake iliyozungukwa na ardhi karibu pande zote, na ujuzi wa ubaharia wa eneo hilo ulijengwa juu ya tanga. Katika chombo cha tanga, nguvu inayosukuma hukaa juu, kwenye mlingoti, na hukilaza chombo ubavuni. Nahodha huijibu kwa farumi na kwa kuwapanga mabaharia upande wa joshini. Katika boti ya injini ya kupachika, nguvu hukaa chini ya maji, nyuma ya tezi, na kazi yake ya kwanza ni kuinua au kuinamisha omo. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa anaijua bahari vizuri, lakini injini ya nguvu ya farasi 40 inamletea tabia za chombo ambazo tanga halikumfundisha.

Mazingira ya nje ya ghuba yanaongeza uzito wa jambo hili. Pwani ya kusini mwa Tanzania huingia kwenye kina kirefu baada ya umbali mfupi tu kutoka ufukweni. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki huifikia pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini ya maingilio ya Ruvuma, kisha hugawanyika, na tawi moja hupanda kaskazini kando ya pwani ya Tanzania. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huo huelekea upande mmoja, lakini mawimbi huwa marefu na mazito. Wakati wa kaskazi, upepo hukutana na mkondo uso kwa uso, na hapo mawimbi huwa mafupi yenye migongo mikali. Boti iliyopita salama ndani ya ghuba kwa mwendo wa noti 20 inaweza kurushwa vibaya mara tu inapovuka mlango wa mwamba na kukutana na mawimbi ya aina hiyo.

Ndiyo maana tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa zinapaswa kusomwa pamoja na hali ya chombo chenyewe. Kimbunga Kenneth, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019 baada ya wananchi wa Mtwara kutahadharishwa, na kimbunga Hidaya kilichoifikia pwani ya Tanzania Mei 2024, vilionesha kwamba bahari hii ina siku ambazo hakuna boti ndogo inayostahili kuwa majini. Zipo pia siku nyingi za kawaida ambazo tofauti kati ya safari njema na ajali hutegemea namna chombo kilivyoandaliwa.

Kimo cha injini kwenye ubao wa tezi

Kipimo cha kwanza ni urefu wa mguu wa injini. Injini ndogo hutengenezwa kwa urefu tofauti, na uliozoeleka zaidi ni wa kutoshea ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, yaani sentimita 38, na wa inchi 20, yaani sentimita 51. Kikundi kinachonunua injini ya mguu mfupi na kuifunga kwenye boti yenye tezi ndefu kimeanza na kosa ambalo hakuna fundi atakayelirekebisha kwa spana.

Urefu ukishalingana, macho huelekezwa kwenye bamba pana lililo juu kidogo ya rafadha. Kazi ya bamba hilo ni kuzuia hewa ya juu ya maji isivutwe hadi kwenye rafadha. Kanuni inayotumika kwa boti za kawaida za kazi ni kulipanga bamba hilo liwe usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya boti kwenye tezi, au chini yake kwa milimita zisizozidi 25. Kipimo hiki huchukuliwa boti ikiwa nchi kavu, kwa rula ndefu iliyonyooka inayolazwa chini ya boti na kufikishwa hadi kwenye mguu wa injini. Ni kazi ya dakika chache.

Injini iliyokaa chini mno huburuta maji mengi, hurusha maji hadi ndani ya boti, hula mafuta na kuufanya mkono wa usukani kuwa mzito. Iliyokaa juu mno huleta hatari ya namna nyingine. Rafadha hunyonya hewa, mlio wa injini hupanda ghafla na msukumo hupotea. Tundu la kuvuta maji ya kupozea injini nalo huweza kupata hewa badala ya maji, na injini ikaungua. Hali hiyo hujitokeza zaidi katika kona na juu ya mgongo wa wimbi, yaani mahali ambapo nahodha anahitaji msukumo kuliko wakati mwingine wowote. Injini inayoponyoka nguvu katikati ya mlango wa mwamba, wimbi likiwa nyuma, huiacha boti ikigeuka ubavu mbele ya wimbi linalofuata.

Mwinamo na mdundo wa omo

Kipimo cha pili ni mwinamo wa injini dhidi ya ubao wa tezi. Injini nyingi za mkono zina matundu kadhaa na pini inayohamishwa kutoka tundu moja hadi jingine. Pini ikiwekwa karibu sana na tezi, rafadha husukuma omo chini. Boti hulima maji, usukani huvuta upande mmoja, na katika mwendo mkali omo lililozama linaweza kuikamata boti na kuigeuza bila nahodha kutaka. Wavuvi wanaorudi na wimbi likiwasukuma kutoka nyuma ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya tabia hii.

Pini ikiwekwa mbali sana, omo hupanda. Mwendo huongezeka kidogo mwanzoni, kisha omo huanza kupanda na kushuka kwa mdundo usiokoma hata pale ambapo bahari ni shwari. Mdundo huo huchosha migongo ya mabaharia, hulegeza bolti za injini na kupasua faiba ya ubao wa tezi. Nahodha anayeuona mdundo huo anapaswa kwanza kupunguza mwendo, kisha kuhamisha uzito kutoka nyuma kwenda mbele na, boti ikisimama, kuirudisha pini tundu moja kuelekea tezi.

Mahali panapofaa ni pale ambapo, boti ikiwa imepanda juu ya maji kwa mwendo wake wa kawaida na mzigo wake wa kawaida, mguu wa injini husimama takriban wima na bamba lililo juu ya rafadha hulala sambamba na uso wa maji. Kwa kuwa mzigo wa kwenda haufanani na mzigo wa kurudi, pini iliyowekwa mara moja na kusahauliwa haiwezi kufaa safari zote.

Rafadha na gharama ya mafuta

Rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, hupimwa kwa namba mbili zilizochorwa juu yake: kipenyo na hatua. Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, mfano wa parafujo ndani ya ubao. Majini daima hupotea sehemu ya hatua hiyo, na upotevu huo ndio kipimo kizuri cha kujua kama injini imefungwa vyema.

Hesabu yake iko ndani ya uwezo wa kikundi chochote. Injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, ikiwa na gia inayopunguza mizunguko hiyo kwa nusu, huizungusha rafadha mara 2,750 kwa dakika. Rafadha yenye hatua ya inchi 13, sawa na sentimita 33, ingeifikisha boti kwenye mwendo wa takriban kilomita 54 kwa saa, yaani noti 29, kama hakuna kilichopotea. Upotevu ukiwa asilimia 20, mwendo halisi huwa takriban kilomita 44 kwa saa. Ukiwa asilimia 30, kwa sababu injini iko juu mno, rafadha imekatika ncha au chini ya boti kumeota chaza na mwani, mwendo hushuka hadi kilomita 38.

Tofauti hiyo ndiyo inayogusa mkopo. Injini ya mipigo miwili ya nguvu ya farasi 40 hutumia karibu lita 20 za petroli kwa saa ikifunguliwa hadi mwisho. Kwa safari ya kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, boti ya kwanza itatumia takriban lita 37 na ya pili takriban lita 42. Kwa safari 20 za mwezi mmoja, boti ya pili itakuwa imetumia zaidi ya lita 100 za ziada bila kuongeza samaki hata mmoja kwenye jokofu. Mwananchi anayefuatilia bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zikiwamo za mafuta yanayoingia kupitia Bandari ya Mtwara, anaweza kuizidisha namba hiyo mwenyewe na kuona ni kiasi gani cha rejesho kinachotoka kwenye bomba la moshi.

Rafadha yenye hatua kubwa mno kwa boti ya mizigo nayo ina madhara yake. Injini hushindwa kufikia mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji, huwa kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo uliomzidi, na hufa kabla ya wakati. Yenye hatua ndogo mno huiachia injini izunguke kupita kiwango. Kila inchi moja ya hatua inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kwa injini ambayo mtengenezaji ameipangia mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 ikifunguliwa hadi mwisho, kikundi kinachobeba barafu, nyavu na watu watano kinapaswa kuchagua rafadha inayofikisha kiwango hicho boti ikiwa na mzigo, kwa kuwa ndivyo itakavyofanya kazi kila siku.

Mzigo, maji ya ngama na kona

Hakuna ufungaji wa injini unaoweza kuiokoa boti iliyopakiwa vibaya. Taifa halijasahau Septemba 20, 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba abiria kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Boti ya mvuvi ni ndogo, lakini sheria za maumbile zinazoitawala ni zilezile.

Maji yaliyoingia ndani ya boti na kuachwa ngamani ni mzigo usioonekana. Maji yenye kina cha sentimita 10 tu katika sakafu ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5 yana uzito wa kilo 900, sawa na watu zaidi ya kumi. Nahodha anapoongeza mwendo, uzito wote huo hukimbilia tezi na kuinua omo. Anapokata kona, hukimbilia ubavu unaolala. Kufua maji kabla ya kuongeza mwendo ni sehemu ya maandalizi ya chombo sawa na kukaza bolti.

Kona nazo zina hesabu yake. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayoisukuma boti nje ya kona ileile huongezeka mara nne. Kona ambayo mabaharia waliipita wamesimama kwa noti 10 inaweza kuwamwaga baharini kwa noti 20. Ikiwa anayetupwa nje ni mwendesha injini, boti isiyo na mtu kwenye usukani mara nyingi huanza kuzunguka na kumrudia aliyeko majini, rafadha ikiwa bado inakata. Kwa sababu hiyo injini za kisasa huja na kamba ya usalama inayofungwa kwenye kiwiko au jaketi okozi la mwendeshaji, ili akitoka mahali pake injini izime yenyewe. Kamba hiyo haigharimu chochote kuitumia, na kuikata au kuifunga kwenye injini yenyewe ni kuitupa kinga iliyokwisha kulipiwa.

Wajibu wa kila mhusika

Mtwara ina bahati ambayo maeneo mengi ya pwani hayana. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi Mikindani, hatua chache kutoka maji ambayo boti hizo zitafanyia kazi. Kikundi kinachopokea boti kinaweza kupata hapo ujuzi wa matumizi na matengenezo ya injini bila kusafiri hadi Mbegani wala Nyegezi. Ndani ya ghuba yenyewe, katika maji tulivu, majaribio ya kimo, pini na rafadha yanaweza kufanyika kwa usalama kabla ya chombo kutoka nje ya mwamba.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) lina jukumu la kusimamia usalama wa usafiri majini, likiwamo suala la usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo. Ukaguzi huo huthibitisha kwamba chombo kinafaa na kwamba kina vifaa vya kuokolea maisha. Hata hivyo, mkaguzi hukutana na boti kwa siku moja, ilhali pini ya mwinamo huhamishwa kila safari. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, usalama umo mikononi mwa nahodha.

Msambazaji wa boti na injini naye ana sehemu yake. Makabidhiano yenye manufaa ni yale yanayofanyika majini, boti ikiwa na mzigo unaokaribia ule halisi, huku mwendo ukipimwa hata kwa simu ya mkononi na mizunguko ya injini kwa kipimo chake. Kikundi kina haki ya kuuliza kimo kilichotumika, tundu la pini lililochaguliwa na namba za rafadha iliyofungwa, na kuyaandika majibu kwenye daftari la chombo. Mabadiliko yoyote yafanywe moja moja, kisha boti ijaribiwe upya, maana anayebadili kimo na rafadha siku moja hataweza kujua kipi kimeleta nafuu au madhara.

Kwa upande wa mazingira, boti za mwendo kasi zitapita katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye matumbawe, majani ya bahari na misitu ya mikoko. Wakati wa maji kupwa, hasa katika siku za bamvua, mwamba uliokuwa mita kadhaa chini asubuhi unaweza kuwa karibu na uso wa maji mchana. Nahodha anayepunguza mwendo na kuinua injini katika maji haya mafupi huilinda rafadha yake na huyalinda pia matumbawe, ambayo ni mazalia ya samaki anaowatafuta.

Uwekezaji wa Serikali katika boti za kisasa utapimwa kwa idadi ya vyombo vilivyogawiwa, lakini mvuvi wa Mikindani ataupima kwa idadi ya safari zilizorudi salama na marejesho yaliyolipwa kwa wakati. Wanufaika wa boti na wamiliki wengine wa vyombo vya injini mkoani Mtwara wanahimizwa kufuatilia taarifa za TMA kabla ya kila safari, kuwasilisha vyombo vyao kwa ukaguzi wa TASAC, kuitumia kampasi ya FETA Mikindani kwa mafunzo, kuvaa jaketi okozi na kufunga kamba ya usalama kabla ya kuwasha injini. Rula moja ndefu, spana na nusu siku ya majaribio ndani ya ghuba vinatosha kuanza.